Daktari wa Kiti cha Mbele

Jumatatu, 14 Julai 2025

Alhamdulillahi! Wodi nimeachana nayo. Kwaheri mabeseni, kwaheri mashuka. Kuanzia leo mimi Mikdad, mwanafunzi wa unesi mwaka wa pili, niko kwenye gari la wagonjwa. King'ora! Taa za buluu! Watu wanakupisha barabarani, hata wale ambao jana walipita bila kukusalimia.

Na nililihitaji hasa gari hili. Posa yangu imelala kwa Mzee Mahfoudh, mwenye duka la vitambaa, baba yake Adila. Jibu litatoka Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya sala. Tatizo ni moja tu. Mzee alishasema mbele za watu kwamba binti yake hampi nesi. Mwanamume gani wa kushika beseni la matapishi! Mjomba Muhidini, aliyepeleka posa, akaulizwa kijana wake anafanya nini. Akajibu kwamba kijana anaingia kwenye ambulensi. Mzee akasema, ahaa, daktari. Mjomba akanyamaza. Aliponisimulia, na mimi nikanyamaza. Uongo haukusemwa. Tumenyamaza tu, kila mtu kwa wakati wake.

Adila mwenyewe anajua. Kitambaa cheupe cha sare yangu alinikatia yeye, pale pale dukani kwa baba yake, akaniuliza cha nini, nikamwambia. Ananisihi nimwambie Mzee ukweli, yaishe. Ana haraka huyu mtoto wa watu.

Asubuhi Sista Mwaija, msimamizi wetu, alitusimamisha mbele ya gari, mimi na Nawal. Akauliza kazi ya nesi kwenye gari hili ni nini. Nawal ni mwenzangu darasani, hodari wa kujibu swali kabla halijaisha. Akasema ni kuwa na mgonjwa tangu anapopokewa mpaka anapokabidhiwa, kumpima, kumwangalia, na kumwambia kinachoendelea ili asiogope. Mimi nikasema ni kuongoza msafara.

Sista akaufunga mlango wa mbele. Kisha akasema kiti cha mbele ni chake yeye na dereva. Sisi wawili tukae nyuma na mgonjwa.

Nyuma! Vioo vya nyuma vimepakwa rangi nyeupe. Sasa nani ataniona?

Jumanne, 15 Julai

Mpango umepatikana. Nilimwambia Sista kwamba nikikaa nyuma ya gari natapika, ni ugonjwa wa ukoo, hata babu alikuwa hivyo hivyo. Nikamwambia kiti cha mbele kingenifaa zaidi kiafya. Akanishukuru kwa kusema mapema. Akanipa mfuko.

Tukaitwa Kerege. Mgema kaanguka kutoka juu ya mnazi, mguu umevunjika. Lami ni nzuri, lakini njia ya kuingia shambani haifai hata kwa mbuzi. Wakati wa kurudi, mashimo, joto, na nguo za mgonjwa zinanuka tembo la mnazi. Nikatapika. Kweli kweli! Yaani uongo wangu mwenyewe umenigeuka. Mgema, na mguu wake umefungwa mbao, akanyoosha mkono akanishika paji la uso, akaniambia nivute pumzi polepole. Nawal akampima presha yeye, kisha akaniuliza kama na mimi napenda kupimwa. Huyu msichana ana ulimi.

Ila lipo jambo moja zuri. Tulipomshusha, mgema aliniambia, pole sana daktari. Daktari! Nawal kamwita nesi, mimi kaniita daktari, na sote tumevaa sare moja. Ndevu tu hizi. Sikumsahihisha. Mgonjwa ana maumivu yake, humwongezei masahihisho.

Jumatano, 16 Julai

Binamu yangu Basil anafundisha kemia sekondari. Nimeazima koti lake jeupe, lile refu. Lina matundu ya asidi mgongoni na doa la njano ambalo mwenyewe hataki kulieleza, lakini ukitembea haraka halionekani. Nikatembea haraka siku nzima.

Mapokezi pale, mama mmoja kamleta mumewe. Dokta Sabiha alikuwa amesimama mlangoni. Huyu ni daktari hasa, kasoma mpaka macho yakaomba miwani. Yule mama akamwambia, nesi, hebu sogea daktari apite. Daktari ni mimi, nimebeba mtungi wa oksijeni begani! Dokta Sabiha akasogea. Akanikaribisha kwa adabu zote, akaniuliza, haya daktari, mgonjwa wetu tumpe nini? Nikasema panado, ameze mbili.

Mgonjwa alikuwa amekwamwa na mwiba wa samaki kooni.

Sista Mwaija akanivua koti mwenyewe, mbele za watu, akaniuliza limeng'atwa na nini. Nawal alikuwa amejificha nyuma ya pazia. Pazia lilikuwa linatikisika.

Haidhuru. Kesho Sista ana kikao. Nani atakaa mbele?

Alhamisi, 17 Julai

Naandika polepole.

Siku ilianza vizuri kupita kiasi. Sista kikaoni. Nawal akasema yeye atabaki nyuma na vifaa vyake. Nikakaa mbele, miwani myeusi, kiwiko dirishani. Tulimpeleka mgonjwa wa pumu, tukamkabidhi salama, tukawa tunarudi na gari tupu. Nikaona sasa ndiyo nafasi ya kupita mtaani kwa Mzee Mahfoudh. Mara moja tu. Anione.

Mtoro, dereva wetu, hakutaka. Alisema betri imechoka, tukilizima gari au tukipiga king'ora sana haliwaki tena, na mtaa ule haupo njiani. Nikamwambia kuna mama pale anauza vitumbua vya mchele vyenye hiliki. Usukani ukajipinda wenyewe. Tulipofika kona nikabonyeza king'ora kwa kidole changu. Ee bwana! Kuku walipaa. Mtoro akanipiga kibao cha mkono, akakizima. Gari nalo likazima.

Limezimia wapi? Mlangoni kwa Mzee Mahfoudh. Mlangoni kabisa.

Mwingine angeona aibu. Mimi nikaona Mungu kanifungulia. Nikashuka taratibu, nikavua miwani, nikafumbata mikono mbele, nikainamisha kichwa kidogo, nikasimama nimeuelekea ule mlango. Ndivyo madaktari wanavyosimama wanapokuwa na jambo zito. Nilifikiri Mzee atafungua, ataniona nilivyotulia, atajua huyu si mtu wa mabeseni.

Mzee hakuwepo ndani. Hakuwepo mtu. Bi Nunu, jirani wa ng'ambo, alikuwa anapepeta mchele barazani. Akaona gari la wagonjwa. Akanisoma usoni. Ungo ukaruka, na ukunga wake wa kilio nadhani ulisikika mpaka ufukweni.

Watu wa mtaa ule ukiwaomba wakuazime nyundo hawana. Lakini msiba! Jamvi likatandikwa kabla sijageuka. Mabenchi ya madrasa yakaja yanakimbia. Sufuria kubwa ikatokea sijui wapi, na kuni zake. Kijana kishatumwa kuulizia sanda. Wanawake wakajitanda kanga, mtu akazima redio ya kinyozi. Mzee mmoja wa heshima akanisogelea, akaninong'oneza kwa upole kabisa, daktari, ni Mahfoudh mwenyewe au mama watoto?

Hapo ningesema gari limezima betri. Najua. Lakini kaniita daktari mbele ya mtaa mzima, na mimi ni binadamu. Nikasema, kwa sasa bado tunachunguza.

Innalillahi wa inna ilayhi rajiun, wakaitikia wote.

Nawal akashuka nyuma, akaniuliza nani kafa. Nikamwambia sijui. Akauliza basi mbona nimesimama hivyo. Nikamwambia asinivunjie heshima kazini.

Ndipo Mzee Mahfoudh akatokea kona, anatoka dukani kwa miguu, kikapu cha samaki mkononi. Akaona jamvi mlangoni kwake. Akaona gari. Akauliza nani, Adila? Hakujibiwa, kwa sababu wote walikuwa wanamtazama yeye, maiti wao, kashika samaki. Bi Nunu akapiga ukunga wa pili, mkubwa kuliko wa kwanza. Mzee akashika kifua. Akakaa chini, pale pale juu ya jamvi la msiba wake, jasho linamtoka kama kamwagiwa maji.

Hili halikuwemo kwenye mpango.

Nawal alishafika. Aliwaondoa watu, akamlegeza kola, akaniambia nilete machela. Mimi nikakimbilia kiti cha mbele. Sijui kwa nini! Miguu ilijipeleka. Nawal akaniita kwa jina langu, la baba yangu na la babu yangu, nikarudi. Tukampakia. Mzee akanidaka mkono na hakuuachia. Gari haliwaki. Mtoro akatoa kichwa dirishani akawaomba waombolezaji wasukume. Wakasukuma! Msiba mzima, kanzu na kanga, Bi Nunu akiwa mbele kabisa na bega lake. Likawaka walipofika kwa kinyozi.

Nyuma mle Mzee aliuliza tena Adila yuko wapi. Nawal akamwambia Adila ni mzima, hakuna aliyekufa, ni gari tu lilizima. Akamvisha kile kinyago cha oksijeni. Mzee akakisogeza kidogo akaniuliza mimi, nakufa? Nikafungua mdomo nitoe yale maneno makubwa ya vitabuni. Hayakuja. Nikamwambia, Mzee, nimekushika. Sasa tunapita sokoni. Sasa tunakata kona, gari litalala kidogo, usiogope. Sasa tunaliona geti. Akataka kutapika. Beseni lilikuwa upande wangu, nikalikinga. Mkono mmoja wake, mmoja beseni. Kofia yake ikadondoka, na kwa kuwa mikono yangu imejaa Nawal akanivisha mimi kichwani isichafuke.

Niliogopa. Naliandika humu maana hakuna anayesoma. Niliogopa atanifia mkononi, na Adila atakuja kujua kwa nini. Hata miwani sikukumbuka nimeiacha wapi.

Jumamosi, 19 Julai

Mzee ni mzima! Moyo wake hauna neno. Presha ilipanda kwa mshtuko, wanamweka wodini wamwangalie. Nimesali rakaa mbili za shukrani na bado naona deni.

Mjini habari ni nyingine. Daktari Mikdad kamfufua Mzee Mahfoudh juu ya jamvi. Walioona wanawasimulia wasioona. Nimepewa kiti kwa muuza kahawa. Bibi mmoja kanivuta pembeni, kwa haya nyingi, akaniuliza kama naweza pia kwa mtu aliyekwisha zikwa. Nikamwambia kwa huyo tumechelewa kidogo. Kanielewa. Kanipa kichane cha ndizi.

Sista Mwaija alituita. Alitaka kujua gari lilifuata nini mtaa ule. Mtoro akasema vitumbua, na kweli ndivyo vilivyompeleka yeye, akala karipio lote peke yake. Nawal hakusema lolote kuhusu kusimama kwangu. Alisema tu kwamba Mikdad alimshika mgonjwa vizuri, alizungumza naye njia nzima, na Mzee alitulia kwa ajili yake. Sista akatabasamu, mara ya kwanza tangu nimjue. Akasema basi leo ataandika kwamba nimekuwa nesi.

Iliniuma. Nikamwomba aandike kiongozi wa msafara. Akanituma nikaoshe gari, ndani na nje.

Huyu Nawal ananitakia nini? Kunisifia unesi hadharani ni kunichimbia shimo. Na shimo lenyewe limeshachimbwa. Mzee kamuuliza Sista yule kijana ni nani, Sista akamjibu, Mikdad, mwanafunzi wetu wa unesi. Basi nimekwisha!

Adila alinipigia, analia na kucheka pamoja. Anasema kila anayekuja kumjulia hali baba anamsimulia habari za ule mkono. Nikamwambia atulie, nitarekebisha. Akaniuliza, urekebishe nini tena, Mikdad?

Jumanne, 22 Julai

Mzee karudi nyumbani. Kaniita.

Nilikwenda na shati la mikono mirefu na kalamu tatu mfukoni. Shikamoo Mzee. Marahaba mwanangu, karibu ukae. Mwanangu! Nikakaa ukingoni mwa kiti, macho manne.

Akaanza mbali. Alisema daktari wa wodini alikuja asubuhi, akatazama karatasi, akaandika, akaenda zake. Mtu mwema, dawa zake zimefaa, lakini ukimuuliza sura yake haikumbuki. Anachokumbuka ni mkono, na sauti ikimwambia sasa tunapita sokoni. Alisema mtu akiwa chali ndani ya gari haoni anakokwenda, hicho ndicho kinachotisha. Akasema alikuwa na maneno yake ya zamani juu ya wanaume manesi, na maneno hayo ameyameza. Kisha akanitazama. Nimeambiwa unasomea unesi, ni kweli mwanangu?

Alivyouliza kwa upole! Hapo nikauona mtego. Huyu ni mfanyabiashara wa vitambaa tangu ujana wake. Anakusifia rangi, anakuachia ushike, kumbe anapima mfuko wako. Nikajua nikisema ndiyo tu, nimetoka mlangoni.

Nikamwambia Sista Mwaija ni mtu mzima, anachanganya watu. Mimi ni daktari, niko mafunzo ya juu, wale manesi nawasimamia. Akauliza, na ule mkono? Nikasema mkono ulikuwa wa nesi, mimi nilikuwa mbele naongoza. Akauliza, na beseni? Astaghfirullah, Mzee! Beseni mimi nalishikaje?

Mzee akavua kofia yake, akaigeuzageuza mkononi.

Akasema, lakini kofia yangu ulikuwa umeivaa wewe. Nikasema kofia zinafanana.

Adila alikuwa amesimama kwenye pazia, sinia la juisi mkononi. Hakuliweka mezani. Aligeuka nalo akarudi ndani. Kasahau, maskini, na mimi koo limekauka. Mzee akaniambia haya, nenda, jibu utalisikia siku yake. Alionekana kachoka. Nadhani nimemshinda.

Ijumaa, 25 Julai

Jibu limetoka. Mjomba Muhidini kaja nalo mbio, kanzu kaishika mkononi.

Mzee Mahfoudh amekubali kumwoza Adila! Ila anamwoza nesi. Yule nesi aliyemshika mkono ndani ya gari. Mbele ya wazee wenzake wote kasema hivi: mwambieni daktari anisaidie kumtafuta huyo kijana, kwani walikuwa gari moja. Akimpata amlete kwangu leo kabla ya Magharibi. Mahari nafuu, ndoa tuisome mwezi huu huu.

Mjomba alikuwa anarukaruka barazani. Si ndiye wewe? Nenda! Oga uende! Nesi si ndiye wewe?

Masikini Mjomba, moyo mweupe. Ni kweli nilikuwa mimi. Lakini hapo ndipo penye ujanja wenyewe! Niende nikasimame mbele ya wazee wote nikiri beseni kwa mdomo wangu? Wanicheke kuanzia hapa mpaka Mkange? Mimi si mtoto. Nikamwambia Mjomba arudi akaseme kwamba daktari anashukuru sana, ila nesi huyo hamjui. Akanisihi. Akanishika bega. Akaniita mpumbavu, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu mama yangu afariki. Mwisho kaenda, anaburuta viatu.

Jua likielekea kuzama Adila akapiga. Hakunisalimia. Aliniuliza neno moja tu, yule nesi alikuwa wewe, au si wewe? Pembeni namsikia baba yake anakohoa. Wananisikiliza wote! Nilitamani kusema, wallahi nilitamani, ulimi ulishafika kwenye meno. Nikajikaza. Nikasema kwa sauti nzito, ya kidaktari, si mimi.

Akavuta pumzi. Akasema, sawa Mikdad. Kisha simu ikakatika. Nimempigia tena na tena, haipatikani. Mtandao wa Bagamoyo ovyo kabisa.

Magharibi imeadhiniwa. Simu nimeiweka karibu, ikilia nitaisikia. Lakini Mzee ameona kijana asiyeyumba, na hilo halisahauliki. Huyo nesi wake sasa hatokei, nimehakikisha mwenyewe. Jumatatu nahamia chumba cha upasuaji. Nimeshaulizia. Huko kila mtu kafunika uso mpaka kwenye macho, na nesi na daktari huwezi kuwatenganisha.